Kutoka Mbinga Hadi Mbamba Bay: Masomo ya Sayansi Katika Mteremko Mmoja

Mji mdogo wa Mbamba Bay uko katika pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, katika latitudo ya digrii 11 na dakika 17 kusini ya Ikweta. Msafiri atokaye Dar es Salaam hupita Iringa, Makambako na Njombe, na anapofika Songea amekwisha kukata zaidi ya kilomita 900. Hapo humbakia kilomita zipatazo 100 hadi Mbinga, na nyingine zipatazo 66 kutoka Mbinga hadi ziwani. Kwa miaka mingi kipande hicho cha mwisho kilikuwa ndicho kigumu kuliko vyote: masika yalipofika, magari yalikwama siku nzima katika tope la milimani, na wakazi wa mwambao walitegemea zaidi meli na mitumbwi kuliko magurudumu. Siku hizi barabara hiyo imetiwa lami, na safari iliyokuwa ya kutwa huchukua muda mfupi tu.

Lakini msafiri apitaye upesi huona kidogo. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu na wanafunzi wa shule za sekondari kwamba kilomita hizo 66 zina masomo ya jiografia, fizikia na baiolojia yaliyopangwa moja baada ya jingine kama kurasa za kitabu. Tena yanakusudia kuonyesha jambo moja kubwa linaloyaunganisha masomo hayo yote, nalo ni hili: mlima wa Wamatengo na ziwa la wavuvi si nchi mbili. Udongo wa juu na samaki wa chini vimo katika hesabu moja, na anayeharibu upande mmoja hulipwa upande wa pili. Mwaka 2012 mwambao huu ulitengwa na Wilaya ya Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa. Mpaka huo ni wa utawala, wala maji ya mvua hayautambui.

1. Nchi ilivyoumbika

Ziwa Nyasa limo katika Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kuvutwa kando, na kipande cha katikati kikadidimia polepole kwa mamilioni ya miaka, huku kingo zake zikibaki juu. Maji yakakusanyika katika shimo hilo. Ndiyo maana ziwa hili ni refu na jembamba: urefu wake hukaribia kilomita 580, lakini upana wake hauzidi kilomita 80. Kina chake mahali palipo pa chini kabisa ni kadiri ya mita 700. Uso wa maji uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo sakafu ya ziwa, mahali hapo penye kina kikubwa, iko chini ya usawa wa Bahari ya Hindi kwa zaidi ya mita 200. Mwanafunzi na athibitishe mwenyewe kwa kutoa.

Ziwa hili huitwa Nyasa kwetu, Malawi kwa jirani zetu wa magharibi, na Niassa huko Msumbiji. David Livingstone, aliyelifikia kutoka upande wa kusini mwezi Septemba 1859, ndiye aliyelieneza jina la Nyasa katika ramani za Ulaya; lakini katika lugha za wenyeji neno hilo lilikuwa na maana ya ziwa tu, au maji mengi.

Mji wa Mbinga uko juu ya ukingo wa bonde, kadiri ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilele vya Umatengo hukaribia mita 2,000. Milima hii ni kigawa-maji. Tone la mvua linaloanguka upande wake wa mashariki huingia katika vijito vya Mto Ruvuma. Mto huo huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, huelekea kwanza magharibi kana kwamba unalitafuta ziwa, kisha hugeuka na kwenda mashariki hadi Bahari ya Hindi. Tone linaloanguka upande wa magharibi hushuka Ziwa Nyasa. Kutoka huko njia ya kufika baharini ni moja tu: Mto Shire, kisha Zambezi. Hata hivyo matone mengi hayaioni bahari. Sehemu kubwa sana ya maji yanayoingia katika Ziwa Nyasa hutoka kwa kugeuka mvuke juani, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotoka kwa mto. Tulikumbuke jambo hilo, maana maji yanapogeuka mvuke huacha nyuma kila kitu yalichokuja nacho.

2. Hewa katika mteremko

Msafiri anayeondoka Mbinga asubuhi ya Juni akiwa amevaa koti, hulivua kabla hajafika ziwani. Sababu yake si jua peke yake. Katika hali ya kawaida, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Kutoka Mbinga hadi ziwani tunashuka kadiri ya mita 825. Kwa hiyo tutazamie tofauti ya nyuzi zisizopungua 5:

825 ÷ 1,000 × 6.5 = 5.4 (takriban)

Kinachobadilika pamoja na joto ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa. Hewa ina uzito, na kadiri tunavyoshuka ndivyo hewa iliyo juu yetu inavyozidi kuwa nyingi. Mbinga kanieneo ni kadiri ya milibari 866. Mbamba Bay ni kadiri ya milibari 957. Masikio ya msafiri hutambua tofauti hiyo kabla ya chombo chochote, nayo huziba na kuzibuka njiani.

Liko jaribio jepesi lisilohitaji maabara. Chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge vizuri kwa kifuniko chake ukiwa Mbinga, kisha iweke ndani ya gari. Ukifika Mbamba Bay utaiona imebonyea kana kwamba mtu ameiminya. Hewa iliyomo ndani ni ya mlimani. Hewa iliyo nje ni ya ziwani, nayo ina nguvu zaidi. Kama joto lisingebadilika, ujazo wa hewa ile ungepungua katika uwiano wa 866 kwa 957, yaani ungebaki kama asilimia 90 ya ujazo wa mwanzo. Lakini kwa kuwa hewa imepata joto njiani, imetanuka kidogo, na upungufu halisi huwa mdogo kuliko huo. Hapa sheria ya Boyle na sheria ya Charles zinafanya kazi kwa pamoja ndani ya chupa moja.

Jambo hilo hilo linahusu chungu cha maharage. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa. Mbinga maji huchemka katika joto la nyuzi 95 hadi 96, na ziwani katika nyuzi 98 hivi. Mpishi wa mlimani akiongeza kuni hawezi kuyafanya maji yaliyo katika sufuria ya kawaida yawe na joto zaidi ya hapo. Huongeza mvuke tu. Ndiyo maana maharage ya namna moja, ya umri mmoja, huchukua muda mrefu zaidi kuiva Mbinga kuliko Mbamba Bay. Mahali ambapo kuni hutoka katika misitu ile ile inayoshika udongo wa miteremko, hili si jambo dogo. Kuyaloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria vizuri ni akiba ya miti.

3. Mashimo ya ngolo

Macho ya mgeni anayezunguka Umatengo kwa mara ya kwanza huvutwa na miteremko yenye vishimo vingi, vilivyopangwa kwa mistari kama sega la nyuki. Hicho ndicho kilimo cha ngolo. Wengine hutamka ngoro. Wamatengo wamekitumia tangu kabla ya utawala wa Wajerumani. Katika karne ya 19, vita vya Wangoni viliwafanya wengi wao waishi kwa kusongamana katika milima mikali, na kulima mteremko mkali bila kuupoteza kukawa ni suala la kufa na kupona.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mvua za masika zinapokuwa zimekwisha kukolea, kwa kawaida mwezi Machi, nyasi na magugu hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hulazwa chini kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba yenye upana wa mita moja hadi moja na nusu. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya mistari ya nyasi. Matokeo yake ni matuta yenye majani ndani, na shimo katikati ya kila matuta manne. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake huchimba na kufunika. Maharage hupandwa juu ya matuta. Baada ya kuvunwa, mahindi hufuata katika msimu wa mvua unaokuja. Mzunguko unapoanza upya, mashimo huchimbwa mahali pengine, na udongo uliokusanyika katika mashimo ya zamani hurudishwa kazini.

Tuutazame ustadi huo kwa macho ya sayansi. Kwanza, maji yanayotiririka hupata nguvu kwa mwendo na kwa wingi wake. Katika shamba la ngolo hakuna mfereji wa kuyapa mwendo: kila shimo hupokea maji yake na kuyanyamazisha. Pili, maji yaliyotulia huangusha udongo yaliouchukua, kwa hiyo rutuba hubaki shambani. Tatu, nyasi zilizofukiwa huoza polepole na kuwa mbolea, na hufanya udongo uwe mwepesi kunywa maji.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa shamba la hekta moja lina mashimo 2,500, na kila shimo linaweza kushika lita 100, basi shamba hilo litashika lita 250,000. Hekta moja ni mita za eneo 10,000, na milimita moja ya mvua juu ya hekta ni lita 10,000. Kwa hiyo mashimo hayo yanaweza kupokea mvua ya milimita 25 kabla ya tone moja kukimbia, hata tusipohesabu maji yanayonywewa na udongo. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliuchunguza mfumo huu kwa kirefu. Waliyoyakuta kwa vipimo, wakulima walikwisha kuyajua kwa jembe.

Lakini ngolo ina gharama, na gharama yake ni jasho. Kahawa, iliyoanza kuenea Umatengo miaka ya 1920, huleta fedha taslimu, na mikono inayohitajiwa na kahawa ni ile ile inayohitajiwa na ngolo. Idadi ya watu imeongezeka, mashamba yamegawanywa, na familia nyingi zimehamia nchi ya chini kufungua misitu ya miombo. Kijana aliye na jembe moja na haraka nyingi huona ni rahisi kuchimba matuta ya kawaida, na pengine huyaelekeza kufuata mteremko. Mvua ya kwanza kubwa humwambia alichokifanya. Lakini jibu lake jingine huonekana mbali, ziwani.

4. Jua na upeo wa macho

Msafiri akifika Mbamba Bay ana mambo mawili ya kuchunguza kabla hajayagusa maji.

La kwanza ni saa. Nchi yetu yote hutumia saa ya meridiani ya digrii 45 mashariki, lakini Mbamba Bay iko katika longitudo ya digrii 34 na dakika 46. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne. Kwa hiyo jua hufika kilele chake Mbamba Bay kwa wastani saa 6 na dakika 41 mchana, wala si saa 6 kamili. Ukilinganisha na Dar es Salaam, jua la Mbamba Bay huchelewa kwa dakika kama 18. Tena, kwa kuwa mji uko kati ya Ikweta na Tropiki ya Kaprikoni, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: kama tarehe 22 Oktoba, na tena kama tarehe 20 Februari. Siku hizo mti uliosimama wima hauna kivuli cha mchana. Katikati ya Juni kivuli huelekea kusini. Katikati ya Desemba huelekea kaskazini.

La pili ni mviringo wa dunia. Ng'ambo ya maji, kwa umbali wa kilomita zipatazo 60, uko mji wa Nkhata Bay wa Malawi. Mtu aliyesimama ufukoni hawezi kuuona, hata awe na darubini nzuri, ila siku ya hewa safi huweza kuiona milima iliyo nyuma yake. Kanuni yake ni hii: umbali wa upeo wa macho kwa kilomita ni kama 3.6 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Macho yaliyo mita 1.7 juu ya maji huona maji hadi kilomita 4.7 tu. Lakini kilele kilicho mita 1,000 juu ya ziwa huonekana kutoka umbali wa kilomita zaidi ya 110. Mvuvi anayerudi nyumbani huona milima kwanza, kisha miti, kisha mapaa. Huo ni ushahidi wa umbo la dunia alio nao kila siku.

5. Ziwa lenye matabaka

Maji ya Ziwa Nyasa hayachanganyiki yote. Tabaka la juu hupata joto la jua, na kwa kufuata majira huwa kati ya nyuzi 24 na 29 hivi. Chini sana joto hubaki kadiri ya nyuzi 23 mwaka mzima. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi: mita ya ujazo ya maji yenye nyuzi 27 ni nyepesi kuliko ile yenye nyuzi 22.5 kwa zaidi kidogo ya kilo moja. Kilo moja katika kilo elfu! Hata hivyo tofauti hiyo ndogo yatosha kuyafanya maji mepesi yaelee juu ya mazito kama mafuta.

Matokeo yake ni makubwa. Oksijeni huingia ziwani kutoka hewani na kutoka kwa mimea midogo ya majini inayohitaji mwanga. Maji ya chini hayafikiwi na vyote viwili. Kupita kina cha mita 250 hivi hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa hili ni ghala lililofungwa: kila kinachokufa juu huzama, huoza, na chumvi zake zenye rutuba hulala chini.

Ufunguo wa ghala hilo ni upepo. Kati ya Mei na Agosti kusi huvuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki, huyasukuma maji ya juu, na baadhi ya maji ya chini hupanda kujaza nafasi. Rutuba hupata mwanga, mimea midogo hustawi, vijidudu huila, na dagaa waitwao usipa hula vijidudu hivyo. Upepo uletao chakula ndio huo huo uletao misiba. Mwezi Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilipinduka katika dhoruba ya ziwa hili, na watu zaidi ya 140 wakapoteza maisha. Mvuvi mwenye hekima huishukuru kusi akiwa nchi kavu.

Yuko kiumbe mdogo anayelijua ghala lile kuliko sisi. Nyakati fulani msafiri huona juu ya maji nguzo ndefu za moshi zikitembea, naye hudhani ni moto. Si moshi, bali ni usubi wa ziwa kwa mamilioni, waitwao kungu. Mabuu yao hujificha mchana katika maji ya kina yenye oksijeni haba, ambako samaki hawawafuati, na usiku hupanda kula. Wanapokomaa hutoka majini kwa pamoja, hupandana, na kufa. Katika sehemu mbalimbali za mwambao wa ziwa hili watu huwakusanya, huwafinyanga mikate na kuwala. Nao ni chakula chenye protini nyingi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Vipimo vilivyolinganishwa tangu mwaka 1939 vimeonyesha kwamba maji ya kina ya ziwa hili yameongezeka joto kwa zaidi ya nusu nyuzi. Hali ya hewa inapozidi kuwa na joto, matabaka yaweza kushikana zaidi mahali yalipo, na kusi ikahitaji nguvu kubwa zaidi kuufungua mlango wa ghala.

6. Samaki wa mawe

Mwambao wa Mbamba Bay na Liuli una mawe makubwa yaliyochongwa na mvua na jua kwa muda mrefu. Liuli, iliyoko kaskazini ya Mbamba Bay, iliitwa na Wajerumani Sphinxhafen kwa sababu ya jabali moja lifananalo na sanamu ya Sphinx ya Misri. Hapo ndipo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, ilipopigwa mizinga na meli ya Kiingereza Guendolen tarehe 13 Agosti 1914. Lakini kwa mwanabaiolojia hazina ya mawe hayo iko chini ya maji.

Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki wa jamii ya sikilidi, na walio wengi sana hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kundi mojawapo ni mbuna, samaki wadogo wa rangi za kupendeza waishio kati ya mawe. Wengi wao hula utando wa kijani unaoota juu ya mawe. Jike hutaga mayai machache, huyachukua kinywani na kuyalea humo kwa muda wa wiki tatu hivi, mpaka watoto wajiweze. Mbuna haondoki mawe yake kwa urahisi. Mchanga mtupu au maji ya kina kati ya mawe na mawe kwake ni kama jangwa. Kwa hiyo samaki wa rasi moja wameishi mbali na ndugu zao wa rasi ya pili kwa vizazi vingi, hata rangi zao zikatofautiana.

Rangi hizo si pambo. Jike humtambua dume wa spishi yake kwa rangi, na rangi huhitaji maji maangavu.

Wako pia samaki wanaouhitaji mto. Mbasa, samaki mnono anayependwa sana mwambaoni, huishi ziwani lakini hupanda mitoni kutaga katika changarawe safi. Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani karibu na Manda, ni mmojawapo wa mito hiyo.

7. Udongo unapofika ziwani

Sasa twaweza kuzifunga kamba zote katika fundo moja. Mteremko ukipoteza ngolo, nyasi na miti, mvua huchukua udongo. Kijito hugeuka chekundu na kuufikisha mwambaoni. Chembe nzito huanguka juu ya changarawe na juu ya mawe. Mayai ya mbasa hukosa pumzi, na utando wa kijani ambao ni malisho ya mbuna hufunikwa. Chembe nyepesi hubaki zikielea na kuyatia maji ukungu.

Tunajua matokeo yake kwa sababu maziwa mengine yametangulia kuyaona. Katika Ziwa Victoria, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yalipopoteza uangavu wake, majike ya sikilidi yalishindwa kupambanua rangi, na idadi ya spishi ikawa ndogo mahali penye maji machafu. Katika Ziwa Tanganyika, uchunguzi wa miaka ya 1990 ulikuta kwamba pwani zilizofunikwa na tope zilikuwa na aina chache za viumbe kuliko pwani safi. Na Ziwa Nyasa, kama tulivyosema, lina mlango mmoja mdogo wa kutokea. Mto hujisafisha kwa mwaka mmoja. Ziwa kama hili hutunza uchafu wake kwa vizazi.

Kwa hiyo mama wa Umatengo anayechimba ngolo mwezi Machi anamlindia samaki mvuvi asiyemjua. Ikiwa taifa litaona kwamba kazi hiyo ni nzito mno kwa mikono mitupu, jukumu ni kutafuta njia ya kuipunguzia uzito bila kupoteza faida yake. Hilo ni swali la utafiti linalowangoja wanafunzi wa leo.

8. Tahadhari kwa msafiri

Maji maangavu huvutia, lakini kichocho kimo katika mwambao wa ziwa hili. Vimelea vyake hukaa ndani ya konokono, hutoka majini mchana na kupenya ngozi ya mtu. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, karibu na makazi. Wako samaki wa ziwa hili wanaokula konokono. Mahali walipovuliwa mno, konokono huongezeka, na ugonjwa pamoja nao. Aliyeoga ziwani na apimwe baadaye. Dawa yake ipo. Malaria nayo ni nyingi zaidi ziwani kuliko mlimani, kwa maana joto humharakisha mbu na vimelea vyake pia, basi chandarua ni lazima. Midomo ya mito ina mamba. Na kabla ya kupanda mtumbwi, mgeni aamkie wazee na kuwauliza habari za upepo; wakisema subiri, asubiri.

9. Hitimisho

Mahali huitwa mbali kwa kupimwa kutoka mahali pengine. Kwa mwanafunzi wa Mbinga au wa Mbamba Bay, hapo si mwisho wa nchi bali ni mahali anaposimama kupimia nchi. Lami imeifupisha njia. Na gari litakaloleta wageni, saruji na bidhaa litarahisisha pia kufyeka miteremko ambayo zamani haikufikika. Kama tutakuwa na vipimo vyetu mapema, tutaona mabadiliko kabla hayajawa hasara. Kama hatuna, tutajua siku mvuvi atakaporudi na wavu mtupu.

Mazoezi

1. Funga chupa ya plastiki mlimani na uishushe ziwani. Pima upungufu wa ujazo kwa kuitosa chupa katika ndoo iliyojaa maji hadi pomoni. Ikiwa kanieneo imepanda kutoka milibari 866 hadi 957, na joto kutoka nyuzi 18 hadi 26, upungufu ulitakiwa uwe asilimia ngapi? (Kumbuka kutumia kipimo cha Kelvini.)

2. Simika mti wima wenye urefu wa mita moja katika uwanja wa shule. Andika saa ambayo kivuli ni kifupi kuliko vyote, kila wiki kwa mwaka mmoja. Kwa nini saa hiyo haibaki ile ile?

3. Chagua miteremko miwili inayolingana, mmoja wa ngolo na mmoja wa matuta ya kawaida. Baada ya mvua kubwa, chota chupa moja ya maji yanayotoka chini ya kila shamba, acha yatulie siku mbili, upime unene wa tope.

4. Paka rangi nyeupe sahani ya bati yenye kipenyo cha sentimita 20, uifunge kamba yenye alama za kila nusu mita na jiwe la kuizamisha. Mkiwa na mwalimu na mvuvi mzoefu, na kila mtu amevaa boya la kujiokoa, ishusheni majini mpaka isionekane, mwandike kina chake. Rudieni kila mwezi mahali pale pale, mkilinganisha miezi ya mvua na ya kiangazi. Daftari hilo litunzwe shuleni na kurithishwa kwa kidato kitakachofuata.